Mbuzi wa Mutie Walivyorudishwa Mbele ya Simu

Mutie wa Kiilu hutengeneza vitanda visivyolia. Ukinunua kitanda chake unaweza kugeuka, kuruka, hata kualika kwaya ya kina mama ije ifanyie mazoezi hapo juu, na jirani wa ukuta kwa ukuta asisikie lolote. Kuna mume na mke kule Kawangware walilala juu ya kitanda cha Mutie kwa utulivu mkubwa, walipoamka wakakuta wana mapacha, na mpaka leo hawakumbuki ilikuwaje. Msiniulize. Mapacha nimewabeba mwenyewe.

Banda lake la useremala liko kando ya Ngong Road, karibu na Jamhuri, pale makochi yanapopangwa kwenye vumbi kama yanangoja wageni. Alikuja Nairobi kutoka Mwala akiwa kijana mwembamba, na randa ya babu yake kwenye mfuko wa nailoni, na ulimi mzito. Hana kigugumizi. Ni kwamba anachagua maneno vile anavyochagua misumari: anaokota moja, analitazama kama limepinda, ndipo analitumia. Unaweza kukaa naye mchana kutwa ukaondoka na maneno manne, lakini yote manne yatashika.

Nasimulia habari zake kwa sababu jina lake lilitupwa jalalani, na aliyelitupa alitoka nyumbani kwangu Uthiru, akiwa amevaa jina langu.

Huyo ni mjukuu wangu, Kavindu. Nilimpa jina langu siku aliyozaliwa, na kwetu Ukambani anayebeba jina lako ni wewe mwenyewe umerudi na meno mapya. Kwa hiyo namwita mke mwenzangu, na mwanamume akimtaka yeye, namwita mume wetu. Mtu akisimama mlangoni aite "Kavindu!" tulikuwa tukiitika wawili.

Ana kibanda cha soksi na nguo za ndani kule Ngara. Kati ya mteja na mteja alikuwa akiandika hadithi za mapenzi kwenye simu, na kila kipande kikiisha anawasomea wanawake wa vibanda vya jirani. Wanawake wale! Nimeona mmoja akisahau mteja mwenye pesa mkononi. Nimeona mwingine ameacha sufuria ya maharagwe ikaungua, moshi ukafika Pangani, wazimamoto wakaja, na wao pia wakasimama mlangoni kusikiliza mpaka mwisho.

Mutie aliitwa pale kutengeneza rafu. Aliimaliza upesi. Akarudi kuikaza. Akarudi tena kununua soksi, na tena, mpaka tukashuku ana miguu mingine ameificha nyumbani. Anasimama tu mlangoni, anasikiliza hadithi, anachukua soksi, anaenda. Siku moja Kavindu akamuuliza, "Fundi, wewe unaonaje hadithi?"

Mutie akatafuta neno, akasema, "Huyo mwanamume wako anaongea sana."

Kipande kilichofuata, mwanamume wa hadithi hakuongea. Alitengeneza kitanda. Aliwaza juu ya mbao, akamlainishia mpenziwe ukingo usije ukamkwaruza mguu. Wanawake wa Ngara wakapiga vigelegele. Hapo ndipo hadithi ilipokuwa kitabu, na kitabu kikaitwa *Kitanda cha Mvule*. Na hapo ndipo na mimi nilipoanza kusema, Mutie akipita Uthiru kutoka kazini, "Mume wetu, leo umetuletea nini?" Naye anacheka chini chini, "Susu, nimeleta salamu." Susu ndiyo nyanya kwetu.

Kavindu akapeleka kitabu tauni, yaani katikati ya jiji, kwa kampuni moja ya vitabu. Bwana wa pale alikiweka kando hakukifungua. Akauliza, "Una wafuasi wangapi kwa mtandao?" Kavindu akamwambia. Walikuwa watu wa kujaza mazishi ya mtu asiyependwa. Yule bwana akamrudishia karatasi zake. "Dada, mapenzi siku hizi yanaanzia kwa simu. Kusanya watu kwanza, halafu tuongee."

Alirudi nyumbani akalala na viatu. Nilimvua mimi. Kusema kweli nilimhurumia, na bado namhurumia pale.

Ndipo akaingia Waceke, muuza nywele za bandia kibanda cha pili, msichana mwenye taa ya kupigia video, ya mviringo kama jua la mchana. Akajifanya meneja. Alikaa kwenye kochi langu akamwambia mjukuu wangu, "Nani atanunua mapenzi kwa mtu hana mpenzi? Hiyo ni kama kununua mafuta ya nywele kwa kipara. Watu wanataka waone mapenzi yako, si wayasome."

"Mpenzi yuko," nikasema kutoka jikoni. "Ana soksi zenu zote."

Wakatazamana. Nilidhani nimefanya uchokozi wangu wa kawaida. Kumbe nimewasha moto.

Haikupita muda, Kavindu akamwambia Mutie alete ntheo. Mutie alikuwa ameiomba kwa miaka, kwa yale maneno yake manne, na kila mara anaambiwa ngoja. Ntheo ni mbuzi ambao mwanamume huleta kwao na msichana. Beberu anachinjwa, pande zote mbili zinamla, na majike wanabaki kwa wazazi. Nyama ikishapita koo, kuna ndoa, pete iwe imekuja au haijakuja. Na kwa ukoo wetu, ndoa hiyo ikivunjika, upande uliokosea ndio unaojulikana kwa mbuzi: kosa likiwa la msichana, mbuzi wanarudi. Kosa likiwa la mwanamume, wanakaa palepale, na watu wakiwaona wanajua.

Mutie alienda Dagoretti akachagua mbuzi kama anachagua mvule. Yule beberu alikuwa na ndevu ndefu, akitembea anajikanyaga, na majirani wawili walimwamkia "Shikamoo" kabla hawajaangalia vizuri. Mwanangu Kisilu, ambaye ni mjomba wa Kavindu, alisimama upande wetu akasema maneno ya wazee. Pasta akaomba. Nikakatiwa kipande changu, nikatafuna na meno niliyo nayo, nikamwambia Mutie, "Mume wetu, leo hutoroki tena." Alilia. Mwanaume mzima, machozi yakaingia kwenye mchuzi. Waceke akasogeza taa, simu yake ikirekodi.

Ile video ilienea mtandaoni. Watu walioingia kumfuata Kavindu walikuwa wengi, wangepanga foleni kutoka Uthiru wa mwisho angekuwa Uganda anaonyesha pasi. Walipiga hata kura kuwapa wale majike majina, wakaitwa Huba na Mahaba. Wafuasi walichagua majina. Mboga zangu za sukuma ndizo zilizowalisha.

Yule bwana wa tauni akapiga simu mwenyewe. Kitabu kikakubaliwa.

Lakini bibi harusi hakuhamia kwa mumewe. "Nimalize kitabu kwanza," alisema. Mutie akasema sawa. Alikuwa amemtengenezea kitanda cha mvule chenyewe, kama kile cha kitabuni, kikakaa chumbani kwake kimefunikwa shuka. Mahaba akazaa pale nyuma ya nyumba yangu. Kitabu kikaisha. Bado akasema ngoja.

Kisha Jumapili moja tukitoka kanisani, mama mmoja akanishika mkono. "Pole sana na yule muhuni."

"Muhuni gani?"

"Si yule fundi! Kavindu amelia kwa simu mpaka nimelia na mimi."

Akanionyesha. Mjukuu wangu, amekaa mbele ya taa, machozi yanashuka moja upande huu, moja upande ule, yamepangwa kama watoto wa shule. Anasema alimwamini mtu. Anasema mikono iliyomtengenezea kitanda imetengeneza vingine. Jina hakulitaja. Lakini nani hakuona sura ya Mutie siku ya mbuzi?

Mke mwenzangu namjua akilia. Akilia kwa ukweli, pua ndiyo inayoanza, na anakuwa mbaya kabisa. Katika video ile pua ilikuwa kavu.

Mutie aliisikia kwa wateja. Mwanamke aliyekuwa ameagiza kitanda alishuka kwenye gari pale Ngong Road akamwambia mbele ya mafundi wote, "Sitalala kwa kitu umeshika." Wasichana wakawa wanapita wakimpiga picha, "Ni yeye, ni yeye!" Mtu akaandika kwa chaki kwenye ubao wa kitanda kipya neno ambalo hata mimi, na mdomo wangu huu, silirudii. Mamake akampigia kutoka Mwala kumuuliza ataingiaje kanisani. Mutie alikuja kwangu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Susu, mimi nilikosea wapi?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake manne.

Alipotoka nilimwita Kavindu.

"Mutie amekukosea nini?"

Alikuwa anapaka kucha rangi. "Hakuna kitu amenikosea."

"Mbona ulilia?"

"Susu, ile ni kontenti ya mtandaoni."

"Na ntheo?"

Akapuliza kucha. "Hiyo pia."

"Ati beberu alikufa kwa kontenti? Mtu alimwambia kwamba ni maigizo?"

"Susu, tafadhali. Wewe huelewi. Wale watu walikuwa wameanza kunichoka. Msichana akishaolewa, hadithi imeisha. Waceke akasema tukiweka machozi watarudi, na wamerudi, angalia!" Akanielekezea simu. "Miaka yote nimeandika, nani alinisoma?"

"Ngara nzima."

"Ngara!" Akacheka, na kicheko hicho sikukipenda. "Yule bwana hakuuliza kitabu kinasema nini. Aliuliza niko na watu wangapi. Sasa ninao. Kitabu kinatoka Jumamosi, Susu. Kinatoka!"

"Umemuuza mume wetu."

"Kwani nilimtaja jina?"

"Ulimtaja kwa mbuzi. Mimi nilikula ile nyama, Kavindu. Ulinikalisha mbele ya taa nikabariki kitu hakiko."

Akafunga chupa ya rangi polepole. "Siku ile haikuwa uongo yote. Kidogo nilifurahi kwa ukweli."

Afadhali angesema ilikuwa uongo yote. Uongo mtupu naujua, nimekula nao ugali maisha yangu yote. Lakini kumpa mtu ukweli kidogo ili ameze uongo, hapo nilihisi kama nimeumwa na mkono wangu mwenyewe.

Nilimwambia Kisilu turudishe mbuzi. Akashika kichwa. "Mama, sasa? Mtoto ana kitabu Jumamosi. Unataka tuaibike mbele ya watu?"

"Aibu tayari imezaliwa. Tunachagua tu nani ataibeba mgongoni."

"Basi tungoje itulie."

Itulie! Mbuzi wakikaa kwangu, kila mtu wa ukoo akipita anawaona na kusema ni kweli, Mutie ndiye aliyevunja. Kila jani la sukuma walilokula kwangu lilikuwa linamshuhudia uongo.

Jumamosi nikamtafuta Wesonga, Mbukusu anayebeba makochi ya mafundi kwa pikapu. Nikamwambia anichukue na Huba, Mahaba na mtoto wake, atushushe tungoje chini ya jengo, halafu amlete Mutie, amwambie kuna kitanda cha kupimwa tauni.

"Susu, hao mbuzi wanaenda kununua kitabu?"

"Endesha."

"Kwetu Bungoma tunarudisha ng'ombe, Susu. Nyinyi mmechagua mbuzi kwa sababu mlijua siku moja watahitaji lifti."

Na kweli ukumbi wa kuzindulia kitabu ulikuwa juu ghorofani. Askari wa mlangoni akanyoosha mkono. "Mama, mbuzi haingii." Kisha akainama, akamtazama Huba usoni. "Ngoja. Hawa si Huba na Mahaba?" Akatoa simu, akapiga nao picha, akatubonyezea lifti mwenyewe. Mbele yetu mwandishi wa mashairi alikuwa amekataliwa kwa kukosa kadi. Huba alijitazama kwenye kioo cha lifti ghorofa zote, akijipanga nywele.

Ndani viti vilikuwa vingi. Nilitegemea nikute watu wamebebana mabegani kwa vile nilivyoonyeshwa kwenye simu. Walikuwa wamekaa huku na huku kama meno yangu. Safu ya mbele ilikuwa ya wanawake wa Ngara na mifuko yao, wamefunga vibanda, wamevaa za Krismasi. Nyuma yao Kisilu na wazee wa ukoo. Wengine wote, Waceke alieleza kwa sauti, walikuwa "wanatazama moja kwa moja", yaani walikuwa makwao wamelala.

Kavindu alikuwa amesimama mbele anasoma. Alikuwa mrembo, siwezi kumnyima hilo. Alikuwa anasoma pale fundi analainisha ukingo wa kitanda. Na pale mlangoni fundi mwenyewe alikuwa ametokea na Wesonga, futi ya kupimia mkononi, anatafuta kitanda.

Mbuzi walipita katikati ya viti. Kavindu aliona kamba kabla hajaniona mimi. Kitabu kikashuka.

Wazee wa ukoo walisimama wote. Hawakuambiwa na mtu. Kwenye kiti cha pembeni mama mmoja wa Machakos ambaye simjui akasema, "Woi," akaziba mdomo.

Nikasema, "Mutie wa Kiilu, njoo."

Akaja.

"Hawa ni wako. Hukukosea popote. Kulikovunjika ni kwetu, na mimi Kavindu niliyekula ndiye ninayekwambia."

Nikamwekea kamba mkononi. Kisilu akakitazama kiatu chake. Wanawake wa Ngara waligeuza vichwa kumtazama Kavindu, mmoja baada ya mwingine.

Na yeye akaanza kulia. Safari hii pua ndiyo iliyoanza. Niliiona. Moyo wangu ukaruka, nikasema, huyu hapa, amerudi, mtoto niliyempa jina. Nikafungua mikono.

Waceke akainua kidole kidogo hivi, kuelekea kwenye taa. Na Kavindu, huku analia machozi ya kweli, akasogea hatua nusu, uso ukaingia kwenye mwanga.

Nikaishusha mikono.

Watu wakaanza kupaza sauti, simu zote juu. "Mutie, sema kitu! Mutie, unamwambia nini?"

Mutie akamtazama Kavindu. Akatafuta neno. Akaangalia moja, akaliacha. Akaangalia lingine.

"Mbuzi wanataka maji," akasema, akawavuta wakaondoka.

Video hiyo ilipita ile ya kwanza na ya pili zikiunganishwa. Kule Ngong Road hawakumpigia kelele tena, na yule mwanamke wa gari alirudi kuomba kitanda chake, akangojeshwa. Jina la Mutie lilisafishwa, nashukuru. Kavindu aliongeza watu mpaka sijui foleni ingefika bahari gani. Akanibusu shavu. "Susu, bila wewe nisingefika hapo." Mimi nilirudisha mbuzi, yeye akapata mavuno.

Watu wananiuliza kama umaarufu wa simu unamsaidia mwandishi wa mapenzi. Ulimfikisha ukumbini, sikatai. Ulipandisha hata mbuzi lifti. Lakini maboksi ya *Kitanda cha Mvule* yako chini ya soksi kule Ngara, na mengi hayajafunguliwa. Wale wa simu walitaka kujua Mutie alisema nini, na walishaambiwa bure. Walionunua ni wanawake wa safu ya mbele, palepale ukumbini, wakalipa, wakabeba kimya. Siku hizi Kavindu akimaliza kipande na kukisoma pale kibandani, wao wanaendelea kupanga bidhaa zao. Mmoja alimuuliza tu, "Na huyu naye yuko hai? Utamfanyia nini yeye?"

Juzi kitanda changu kilianza kulia, nikamwita Mutie. Alikuja na randa yake na yule mtoto wa Mahaba kwapani.

"Huyu alizaliwa kwako, Susu. Ni wako."

Nikafurahi, ulimi ukanitoka kama zamani. "Mume wetu, leo umetuletea mtoto!"

Hakuacha kazi. Alikaza msumari, akapima na kidole kama umekaa. "Susu, hiyo tulimaliza," akasema, bila ubaya wowote, akashika msumari mwingine.

Nilikaa na yule mwanambuzi mapajani. Chumba cha pili taa ya mviringo iliwashwa, ikaonekana chini ya mlango. Sauti ikaanza, tamu kama sukari guru, "Hamjambo wapenzi wangu. Ni mimi, Kavindu wenu. Kavindu!"

Nyundo ya Mutie ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Jina ni langu. Sikuitika.